Mtani Wangu Fundi wa Breki

Nianze na lile ninalolionea haya zaidi, maana nikianza kuzungukazunguka nitaishia kujitetea. Mie ndiye niliyemharibia kazi fundi wangu. Nilimharibia kwa maneno machache tu, nimesimama getini kwangu Goba na kanga kiunoni, kisa gari langu lilikuwa linatetemeka nikikanyaga breki.

Fundi mwenyewe ni Mhehe, mie Mngoni wa Songea. Kwa asiyejua mambo ya kwetu, mababu zetu walipigana wee, walipochoka kuuana wakaachiana utani, na utani huo mpaka leo ni sheria. Mtani anakutukana mbele za watu na hununi. Ukinuna, wewe ndiye mshamba. Kwa miaka tisa nilikuwaga nikifika gereji kwake salamu yetu ni moja. Mie naanzia barabarani, "Mateka wangu, hujafa tu?" Naye anatoka chini ya gari la mtu, mafuta mpaka kwenye nyusi, anasema, "Shikamoo mama. Nimebaki ili nikuzike." Wateja wageni wanatutumbulia macho, sie tunacheka.

Na si maneno matupu. Mume wangu alipofariki, yeye ndiye aliyesimama kwenye msiba kama mtani anavyotakiwa kusimama. Aliingia uani amevaa kofia ya marehemu, akaiga ule mwendo wake wa kuburuta ndala, akaenda kukaa kwenye gari letu na kutangaza kwamba hashuki mpaka apewe ubwabwa na nyama isiyo na mfupa. Mie niliyekuwa sijala siku mbili nilicheka mpaka nikapaliwa, kisha nikalia vizuri, kisha nikala. Tangu siku ile nilimhesabu ni ndugu. Nalisema hili makusudi, ili mjue nilimfanyia nani.

Mie nauza keki. Za harusi, za kipaimara, za maulidi, yeyote anayelipa namwokea. Natengenezea nyumbani, napeleka mwenyewe, na keki nyingi zinateremka Mbezi Beach ambako watu wana sherehe kila wikiendi. Anayeijua Goba anajua vile vilima vyake. Kwa hiyo breki kwangu ndiyo biashara yenyewe. Pedi za breki za mbele zilipoanza kulia nikampelekea mtani, akazibadilisha siku ya Jumatano. Kama kawaida yake, zile za zamani alinitilia kwenye mfuko pamoja na boksi la zile mpya, akasema, "Chukua ukaangalie, Wangoni hamna dogo." Nikatupa ule mfuko kwenye buti bila kuufungua.

Kisha akanipa masharti. Mie wakati huo niko kwenye simu na mama mmoja wa Mbezi Beach, mama wa bibi harusi, ananibadilishia rangi ya maua ya keki kwa mara ya nne. Fundi anazungumza sikio hili, mama anazungumza sikio lile. Nilimsikia akisema nikishuka vilima nitumie gia ndogo, nisikalie breki, maana pedi ni mpya zinahitaji siku chache za kuzoeana na diski, ile sahani ya chuma inayobanwa nazo. Na akasema habari ya maji. Nikamwonyesha mkono, sawa, sawa, nimesikia. Nikawasha gari nikaondoka na simu begani.

Jumamosi nikashusha keki ya sendofu, ya kumuaga yule bibi harusi. Ghorofa tatu, maua ya zambarau. Kwa woga wa kuipasua nilishuka vilima vyote mguu ukiwa juu ya breki, sikuuinua hata sekunde, gari linatambaa na wenye haraka wananipigia honi huko nyuma. Karibu na bonde nikasikia harufu ya kuungua. Nikajisemea labda ni jirani anachoma takataka. Jirani gani barabarani! Lakini akili ilikuwa kwenye jambo jingine: gari lilikuwa jekundu kwa vumbi la Goba, na mie siingii kwa watu wa Mbezi Beach na gari la vumbi wakaanza kunitazama kuanzia kwenye matairi. Hicho ndicho kiburi changu, nikiseme. Pale chini kuna waosha magari. Nikaingia moja kwa moja, nikawaambia wapige maji ya nguvu, haraka, hasa magurudumu. Maji yalipogusa magurudumu yakalia chwaaa, mvuke ukapanda mpaka kwenye kioo. Nikaona raha, nikadhani uchafu ndio unatoka.

Keki ilifika salama na nilisifiwa. Jumatatu yake, narudi kutoka kununua ngano, nakanyaga breki kwenye barabara nzuri kabisa ya lami, usukani ukaanza kunicheza mikononi, tetete, mpaka bangili zinalia. Nikiachia breki, kimya. Nikikanyaga, tetete. Akili yangu ikakimbilia neno moja tu: tangu yule Mhehe aguse breki zangu. Jumatano, ndiyo. Jumamosi haikunijia kabisa, au ilinijia nikaifukuza.

Kumpigia simu nikaona uvivu, au niseme kweli, nilikuwa na hasira na nilitaka kubaki nayo. Nikasimama kwa fundi mwingine karibu na kituo cha mafuta. Huyo hata gurudumu hakulitoa. Aliinama, akachungulia, akasikitika kwa ulimi, "Mama, umepigwa. Hizo pedi feki. Kakuwekea feki, zako nzuri kauza." Nami nikaamini hapo hapo. Mtu wa miaka tisa nikamtupa kwa neno la mtu wa dakika tano.

Ijumaa iliyofuata nikawa na keki ya kipaimara. Kwenye mteremko wa mwisho, mbuzi akakatiza, nikakanyaga, gari likatetemeka, na ghorofa la juu likateleza likaegemea la chini. Nilifika kwa watu nikakaa jikoni kwao saa nzima nabandika sukari kwa kisu, jasho linanitoka, mama mwenye mtoto amesimama mlangoni kafumbata mikono. Lo! Sijawahi kudhalilika vile kazini. Nilirudi Goba nimevimba, natafuta wa kummwagia.

Nikamkuta mwalimu getini kwangu. Mwalimu ni jirani yangu, mstaafu, Mhaya, ana shule ya chekechea nyumba ya nne kutoka kwangu. Alikuwa na mabasi mawili ya kubebea watoto na alitafuta fundi wa kuyashika moja kwa moja. Pamoja na kazi alikuwa anatoa na eneo nyuma ya shule, lina ukuta na paa, fundi afanyie humo shughuli zake zote. Na mie nilijua vizuri eneo lile lilikuwa na maana gani kwa mtani wangu. Mwenye kiwanja alichopanga kwa miaka yote alikuwa amerudi anataka kujenga maduka, kampa miezi miwili aondoke. Mtani alishanieleza mwenyewe, na siku hiyo hakutania. Alisema, "Mama, nikikosa pale kwa mwalimu, Goba ndiyo basi tena."

Mwalimu akasema, "Jirani, nimekuja kwa ajili ya yule fundi wako. Nataka kumpa mabasi. Unamsemaje?"

Nikamwambia, "Usimpe. Mwizi yule. Kanitolea vifaa vizuri kaniwekea feki, leo nusura anigharimu kazi. Wale ni watoto wa watu."

Mwalimu akanitazama. Mtaa mzima unatujua. Ameshatusikia tukitukanana mpaka kanisani. Akauliza kwa upole, "Huo ni utani wenu ule, au unasema kweli?"

Pale nilikuwa na nafasi. Ningecheka tu, ingekwisha. Ningesema sina hakika, ingekwisha pia. Mie tena na domo langu! Nikamwambia, "Hapa sitanii. Kweli kabisa."

Akaitikia kwa kichwa, akaaga, akaenda. Nikaingia ndani nikaosha vyombo, nikajisikia nafuu, hakyamungu nilijisikia nafuu.

Wiki mbili zikapita. Yule fundi wa kituo cha mafuta akataka nibadilishe pedi, diski na vyuma ambavyo majina yake sijawahi kuyasikia, na kila akiulizwa kwa nini, anasema "ni mfumo mzima, mama." Hapo ndipo nikaanza kushtuka. Mtetemo nao ulikuwa unazidi. Mwisho nikameza mate, nikampelekea gari mtani. Nilipofika sikuita kutoka barabarani. Nilishuka kimya.

"Shikamoo mama," akasema. "Leo Mngoni kaja kwa kunyata, kaiba kuku wapi?"

Nikajichekesha. Nikamwambia gari linatetemeka nikifunga breki. Sikusema tangu lini.

Alipanda, akanipandisha pembeni yake, tukaingia barabarani. Alikanyaga breki kidogo kidogo, kisha kwa nguvu. Akaniambia niweke mkono kwenye kiti, niseme kama kinatetemeka kiti au usukani. Usukani, nikasema. Tulipofika sehemu tambarare isiyo na gari akapunguza mwendo, akavuta breki ya mkono taratibu. Gari likasimama kimya. "Ya mkono inashika nyuma," akasema. "Nyuma pazima. Ugonjwa uko mbele."

Gereji akapiga jeki. Kabla ya kufungua akajaribu kila nati ya gurudumu kwa spana, maana alisema nati zikikazwa moja sana nyingine kidogo, diski inakaa upande. Zilikuwa sawa. Akatoa gurudumu, akatoa pedi, akazigeuza na kuniletea mkononi. "Zisome," akasema. Maandishi yalikuwa yale yale ya kwenye boksi. Boksi lenyewe bado lilikuwa kwenye buti langu, ndani ya mfuko, chini ya sinia za keki. Nilikwenda kulitoa, nikalinganisha namba moja moja. Hazikuwa feki. Hazijawahi kuwa feki.

Kisha akachukua kipande cha chaki, akaegemeza mkono kwenye chuma usitikisike, akaisogeza chaki mpaka karibu igusane na diski, akaizungusha diski kwa mkono mwingine. Kama ingekuwa sawa, chaki ingechora duara zima. Ilichora sehemu moja, ikaruka, ikachora pale pale tena. Akanionyesha na madoa ya bluu juu ya chuma, kama yale ya sufuria iliyosahaulika jikoni. "Hii imepata moto mkali," akasema, "halafu ikapata baridi ya ghafla. Mama, uliosha gari likiwa la moto?"

"Hapana," nikasema. Mtu mzima wa miaka hamsini na saba.

Hakubishana. Aliipangusa chaki kwenye suruali akasema, "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na kifo cha breki kinakuja kilimani."

Ndipo nikamweleza: mguu kwenye breki kutoka juu mpaka chini, harufu, waosha magari, ule mvuke. Akacheka sana. "Nilikuambia siku ile ile! Ulikuwa unaongea na simu, nikajua huyu Mngoni hapa hayupo." Nikacheka naye. Nilikiri lile dogo kwa raha zote, nikaona nimejisafisha, na lile kubwa nikabaki nalo.

Akazitoa diski, akazipeleka kwa mwenye mashine ya kuchonga chuma, akarudi nazo zinang'aa. Alisugua kutu pale zinapokaa, akazifunga, akakaza nati kwa kuruka moja moja kama anavyokaza siku zote. Mie nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, namtazama. Akiwa amenipa mgongo akasema, taratibu tu:

"Mama, mwalimu kaninyamazia kuhusu mabasi. Nasikia kuna mtu kanisema vibaya. Wewe ni jirani yake. Hebu ongea naye, anakusikiliza."

Nikasema, "Nani huyo kakusema?"

Jamani! Nilimuuliza vile, kwa sauti yangu hii hii, na uso mkavu.

Akakaza nati ya mwisho. "Sijui," akasema. "Ongea naye tu."

"Nitaongea naye," nikasema.

Tulijaribu gari pamoja. Lilisimama laini, bangili hazikulia. Aliponikabidhi ufunguo alinitazama muda kidogo, nikadhani anasubiri nimshukuru, nikamshukuru. Nikaenda zangu.

Na sikwenda kwa mwalimu. Kila siku nilikuwa na sababu. Leo nina keki mbili, kesho mwalimu ana wageni, kesho kutwa ni Jumapili na Jumapili si siku ya mambo haya. Ukweli ni kwamba nilijua nikienda lazima niseme nilikosea, na nikisema nilikosea ataniuliza nilikosea vipi, na itanibidi niseme kuhusu vumbi na waosha magari na watu wa Mbezi Beach. Niliona aibu ya kusema jambo la kijinga. Kwa ajili ya aibu ndogo ile nikaiacha kubwa ikue.

Asubuhi moja napita mbele ya shule, nikaona basi limefunguliwa boneti na fundi nisiyemjua kainama ndani. Nyuma kule, kwenye lile paa, vifaa vyake vilikuwa vimeshapangwa ukutani. Nikaingia moja kwa moja ofisini kwa mwalimu, hata hodi sikupiga vizuri.

"Mwalimu, yule fundi wangu," nikaanza, "yale niliyokuambia siku ile..." Na hapa nilifanya jambo ambalo nikilikumbuka nataka ardhi inimeze. Nilicheka. Nikasema, "Unajua sie ni watani. Ulikuwa utani wetu tu."

Mwalimu akavua miwani. "Nilikuuliza," akasema.

Nikakaa bila kukaribishwa. Nikamwambia yote sasa, kuanzia simu ya mama wa bibi harusi mpaka chaki. Alinisikiliza mpaka mwisho. Nikamuuliza kama kuna namna. Akasema ameshaandikiana na yule mwingine, mwaka mzima, hawezi kumtoa mtu asiye na kosa.

"Lakini kuna jambo hulijui," akasema. "Alikuja hapa mwenyewe kuniuliza. Mie siwezi kumficha mtu kosa lake, nikamwambia: kakusema jirani yangu, mtani wako. Unajua alinijibu nini? Alisema, 'Huyo ana hasira tu, mwalimu. Gari lake lina tatizo, litamrudisha kwangu. Nikishamtengenezea atakuja mwenyewe kukwambia. Naomba unisubiri.' Nikamsubiri. Nilimsubiri wiki tatu, mabasi yamelala, wazazi wananilalamikia. Kila jioni nilikuwa nakuona ukipita."

Nikamuuliza ilikuwa siku gani alipokuja. Akanitajia. Ilikuwa siku nne kabla sijampelekea gari.

Basi alikuwa anajua. Aliponipandisha pembeni yake alikuwa anajua, na aliponiwekea zile pedi mkononi nizisome, na aliponiambia niongee na mwalimu. Na mie nikamuuliza, nani huyo kakusema.

Nilitoka nikampigia pale pale nje ya geti la shule. Alikuwa Temeke, kaajiriwa kwenye gereji ya mtu. Vyuma vilikuwa vinagongwa nyuma yake na kuna sauti ilimwita afanye haraka. Nikamwambia ni mimi. Nikamwambia nilisema nini, na kwamba mwalimu aliniuliza kama ni utani nikasema sitanii, na kwamba siku ya chaki nilikuwa najua na nikanyamaza. Nililia, lakini niliyasema yote. Kisha nikangoja anitukane. Nilitamani anitukane, aniite majina yote ya Wangoni tangu enzi za mababu.

"Sawa, mama," akasema. "Nashukuru kwa kunieleza. Gari linaendeleaje?"

Nikamwambia linaendelea vizuri.

"Haya, mama. Ukipata shida yoyote usisite kupiga simu," akasema, kama anavyowaambia wateja wake wote.